Aliyekaa kwenye Stuli Hasindikizi Mgeni

Hii ni wiki ya nne tangu nistaafu, na tangu asubuhi nimeshainuka mara tano. Mara ya kwanza nilisikia harufu ya kitu kinaungua. Nikatoka nje mbio, kijiko cha uji mkononi, kumbe jirani anachoma mabua ya mahindi. Mara ya pili ni jirani huyo huyo. Watu wa Buhongwa tunachoma taka kila siku, hilo nalijua, nimekaa hapa miaka. Pua yangu ndiyo haijapata taarifa kwamba tumestaafu wote wawili.

Binti yangu kanunua daftari akanipa. "Mama, andika habari za kazi," akasema. "Angalau ukiandika utakaa." Amekosea. Naandika nimesimama kwenye meza ya jikoni, na kila nikimaliza ukurasa nakwenda kuchungulia dirishani.

Nawaandikia ninyi mliobaki karakana, pale Mirongo, hasa mlioingia juzi mkanikuta nimeshakuwa bibi mkali. Habari za vyeo na mshahara nawaachia watakaohubiri siku ya mazishi yangu. Mimi nataka kueleza ile stuli. Najua mnaicheka. Najua pia mnavyoniigiza nikisema "usiinuke", maana Deus aliniigiza mbele yangu siku ya kuniaga na alinipatia kabisa.

Nilianza kazi hii kabla hiyo mashine yenu haijaotwa hata ndotoni. Nilitoka Ukerewe nikiwa msichana, nikapokelewa na Mzee Bwire, fundi wa mabango, mtu wa upande wa Musoma. Yeye alikuwa anakata herufi za mbao na za plastiki kwa mkono, kwa msumeno mwembamba kama uzi. Siku ya kwanza alinipa kipande cha mbao kilichochorwa herufi S, akaniambia chai nitakunywa nikimaliza bila kukata msumeno. Nilikata misumeno sita. Chai nilikunywa siku ya tatu, na ilikuwa imepoa.

Huyo mzee alinifundisha vitu viwili. Cha kwanza ni kutazama kitu kinachokatwa, usitazame mkono wako. Cha pili kilikuwa adabu. Mgeni akiingia, unaweka chombo chini, unamsalimia kwa mikono miwili. Akiondoka unamsindikiza, si mpaka mlangoni, mpaka njiani, na mkifika njiani mnasimama mnaongea tena kama ndiyo kwanza mmekutana. Rangi ikauke kwenye brashi, ikauke tu. Alikuwa akisema, "Kazi itakusubiri, Federista. Mgeni hasubiri." Nililishika neno hilo kuliko hata Baba Yetu. Nililishika miaka zaidi ya ishirini, na halikunidhuru hata siku moja, kwa sababu msumeno ukiuacha unalala hapo hapo ulipouacha.

Kisha zikaja mashine. Mafundi wa pale Mirongo, mimi nikiwemo, tulijiunga tukafungua karakana ya pamoja: washona viatu, wachonga mihuri, watengeneza fremu, mabango. Mashine ya leza ilifika ndani ya kasha la mbao, na tulisimama tukiizunguka kama watu waliopokea jeneza lisilo na jina. Kwa asiyeijua: ni sanduku kubwa lenye mfuniko wa kioo. Ndani mna kichwa kinachotembea juu ya ubao, na kichwa hicho kinatoa mwanga mkali unaokata plaiwudi au plastiki kama wembe. Mwanga wenyewe hauonekani. Unaona cheche tu, na moshi. Kitu kinachokata bila kuonekana kilinitia wasiwasi tangu siku ile, na wasiwasi huo sijawahi kuupoteza. Anayeuzoea ule mwanga naomba ahamie kwenye kushona viatu.

Kuisimika kulituchukua karibu mwezi, na sababu kubwa ilikuwa Mwanza yenyewe. Mashine kama ile inataka waya wa ardhi, nondo ya shaba izamishwe chini ili umeme ukileta balaa ukimbilie udongoni na si kwenye mkono wa mtu. Haya, izamishe. Deus, fundi wetu wa umeme, alipiga nondo nyuma ya karakana, ikaingia urefu wa mkono ikagonga mwamba. Akahama hatua mbili, mwamba. Akahama tena. Mchana wote tunasikia ngo, ngo, ngo. Jioni akaniambia, "Mama, huu mji haukujengwa kwenye ardhi. Umewekwa juu ya jiwe." Akataka tuunganishe hivyo hivyo, nikakataa. Mwisho tulichimba mfereji mrefu pale penye udongo kidogo, tukalaza shaba ndani, tukafukia kwa mkaa na chumvi, na hadi leo wakati wa kiangazi mnatakiwa kuumwagilia maji. Wengi wenu mnadhani ule ni uzushi wa bibi. Siyo uzushi. Umwagilieni.

Maji ya kupoza nayo. Mashine ina bomba la kioo linalopata joto, lazima maji yazunguke. Mwanachama mmoja, kwa nia njema, alijaza tangi kwa ndoo ya maji ya ziwa kwa sababu siku ile mabomba yalikuwa makavu. Baada ya wiki mbili maji yakawa ya kijani, na mirija ikaota utelezi. Tangu hapo ni maji yaliyochujwa, yale ya dukani ya kuongezea betri, yasiyo na asidi. Na feni ya kuvuta moshi: mnajua wale wadudu wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi halafu upepo unawaleta mjini. Wakija, wanajaa kwenye mdomo wa bomba la nje kama uji. Feni inalia lakini haivuti. Msiisikilize feni, wekeni kipande cha karatasi kwenye tundu la ndani mkione kama kinanyonywa.

Na ngozi ya bandia, mwiko. Hapo niligombana na Yohana, mshona viatu wetu, siku tatu nzima. Yohana alikuwa na kiti chake jirani na mashine, mtu wa utani, mkono mwepesi, kandambili zake zilivaliwa mpaka Geita. Alitaka leza imkatie ile ngozi ya plastiki ya kandambili. Nikachukua waya wa shaba, nikaupasha moto, nikaugusisha kwenye ngozi yake, nikaurudisha kwenye moto. Moto ukawa wa kijani. "Unaona rangi hiyo?" nikamwambia. "Maana yake moshi wake unakula mapafu, na ukimaliza mapafu unakula mashine." Yohana akautazama ule moto, akasema, "Kwa hiyo mama unaihurumia mashine." Lakini hakuileta tena.

Naandika hivi kana kwamba nilikuwa mjuzi wa kila kitu. Sikuwa. Nimekwenda dirishani, nimerudi. Sasa ngoja niseme lile jambo kabla sijainuka tena.

Ilikuwa mwaka wa kwanza wa mashine, asubuhi. Nilikuwa nakata herufi za akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa, kwa ajili ya bango la kwaya. Mzee Bwire akaja kunitembelea. Alikuwa ameshazeeka, anatembea na fimbo. Nilimpa kiti, akakaa akitazama kichwa cha mashine kikienda na kurudi.

"Inakata haraka," akasema.

"Ndiyo mzee."

Akaielekezea fimbo. "Lakini haijui inakata nini."

Tukacheka. Tukaongea habari za nyumbani kwake, za mgongo wake. Kisha akashika fimbo. "Haya, mimi naenda." Nikatazama kioo cha namba cha mashine: zimebaki dakika kumi na moja. Nikajisemea namfikisha mlangoni tu. Mlangoni akawa bado anaongea. Nikasema basi barabarani. Tukafika kwenye kona ya wauza machungwa, tukasimama, kama alivyonifundisha mwenyewe, na akaanza kunisimulia habari ya mtu aliyewahi kuagiza kwake bango la hoteli. Sikumbuki hoteli ilikuwaje. Nakumbuka kwamba muuza machungwa aliacha kumenya, akawa anatazama nyuma ya bega langu.

Nilipogeuka moshi ulikuwa mweusi.

Kilichotokea nilikielewa baadaye. Kuna mrija mdogo wa mpira unaopuliza hewa pale mwanga unapokatia, ili moto usishike. Ule mpira ulichomoka. Mtu aliyekaa pale angeona mwali mdogo wa njano, angebonyeza kitufe chekundu, basi, hadithi imekwisha. Mimi nilikuwa kwenye machungwa. Yohana ndiye aliyeuona kutoka kwenye kiti chake, na wakati huo ulikuwa si mdogo. Mtungi wa kuzimia moto niliutundika mwenyewe ukutani, nyuma ya mashine, mahali ambapo ili uuchukue ni lazima upitishe mkono juu ya moto. Nani anatundika mtungi hapo? Mimi. Yohana akaukosa. Akafunua mfuniko, moto ukapata hewa, ukapanda. Akaingiza mkono avute ile akriliki aitupe nje. Akriliki iliyoyeyuka inanata. Ilimnata kiganjani na vidoleni, na hakuweza kuitupa.

Mtungi sasa uko mlangoni. Mmeukuta hapo mkadhani ni pambo la mlangoni.

Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia havikunji tena. Alijifunza upya kushika sindano ya viatu kwa mkono wa kushoto, na miezi ya kwanza viatu vyake vilikuwa vibaya, naye alijua ni vibaya, na watu walivipokea bila kusema kitu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi ya yote, ule ukimya wa wateja. Kwenye mkutano wa wanachama nilisimama nikasema mashine niliiacha mimi, naomba niondolewe. Wengine walikubali. Yohana, mkono umefungwa kitambaa mpaka kwenye kiwiko, akasema, "Akiondoka huyu, nani atakumbuka?" Nikabaki.

Nilimfuata Mzee Bwire kwake nikamweleza. Aliilaza fimbo yake sakafuni. Kisha akasema, "Basi mimi nilikufundisha nusu. Nilikufundisha kwa msumeno, na ukisimama wewe, msumeno nao unasimama." Hakuishi sana baada ya hapo. Mpaka leo nikiikumbuka sauti yake nahisi kama nilimpelekea mzigo ambao ningeubeba peke yangu.

Hapo ndipo stuli ilipozaliwa. Niliitengeneza mwenyewe, ndefu, haina mgongo, haina mto, ili asiyekaa asiitamani na aliyekaa asisinzie. Sheria mnaijua. Mashine ikiwaka lazima stuli iwe na mtu, na mtu huyo awe na jina lake kwenye ubao ukutani. Hatazami simu. Hainuki kusalimia, hainuki kusindikiza, awe ameingia askofu, diwani au mama yake mzazi. Anayetaka kumpokea asimame kando, atazame moto, asogeze mkono karibu na kitufe, aseme "nimepokea". Ndipo wa kwanza ainuke. Diwani mmoja alikasirika kweli, akasema karakana ile haina malezi. Nilimsindikiza mimi mpaka kwenye gari lake na nikamwomba radhi, na siku iliyofuata hatukubadilisha kitu.

Miaka ikaenda. Miaka yangu miwili ya mwisho nilikosa usingizi kwa jambo moja tu: nani atabaki na stuli? Deus anajua mashine kuliko mimi, lakini Deus akisikia watu wanabishana mpira nje, miguu inamwasha. Aliyebaki ni Minza. Minza alikuja kwetu akichora nakshi kwenye ngozi, mke wa mtu, Msukuma aliyelelewa akaleleka, anapiga magoti hata akikupa kikombe cha chai. Mikono yake ilikuwa mizuri, jicho lake zuri. Adabu yake ndiyo iliyonitisha. Nilikuwa natafuta mtu mwenye heshima ya kutosha kukosa heshima, na mtu wa namna hiyo haokotwi barabarani.

Halafu mumewe akaja kunieleza kwamba baba yake, Mzee Shija, anayekaa ng'ambo ya Busisi, hapendi mkwewe afanye kazi ile. Anataka arudi nyumbani Sengerema asimamie mji wa familia. Lakini ni mzee wa haki, mume akasema, amesema atakuja kwanza aone kazi yenyewe kwa macho yake ndipo aamue. "Lini?" nikauliza. Hakujua. Zamani za kivuko, mgeni akitoka ng'ambo ulipata muda, foleni ya Kigongo ilikutosha kupika ukafagia na uwanja. Siku hizi kuna daraja, mgeni anafika hata sufuria hujainjika.

Alifika Jumanne, saa nne asubuhi. Nilikuwa nyuma, juu ya ngazi, nakwangua wadudu kwenye bomba la feni. Deus alikuwa hayupo. Minza alikuwa kwenye stuli anakata akriliki. Nilisikia "hodi", nikasikia sauti ya Minza, na nikajua kwa jinsi sauti ilivyobadilika ni nani amekuja. Nilishuka ile ngazi kwa namna ambayo mtu wa umri wangu hashuki.

Nilipoingia, Mzee Shija alikuwa amesimama katikati ya karakana, amevaa koti, jogoo kwapani amefungwa miguu. Minza alikuwa amempa mgongo. Mgongo, jamani. Mkwe wa kike, mbele ya baba mkwe, hajapiga goti, hajageuza hata uso.

"Shikamoo baba," alikuwa anasema, macho kwenye moto. "Nisamehe baba. Mashine inawaka, siwezi kuinuka."

Mzee hakuitikia. Mafundi wote walikuwa wameacha kazi. Unajua jinsi shikamoo isiyoitikiwa inavyokaa hewani. Nilikwenda mbio nisimame kando ya Minza, nikatazama moto, nikasema "nimepokea", lakini mikono yangu ilikuwa na mafuta na wadudu, na nilipoinua kichwa mzee alikuwa ameshageuka na jogoo wake anatoka. Minza aliinuka, akatazama mlango, akatazama mashine. Hakumfuata. Alinawa mikono bila sababu.

"Mama, nimeachika leo," akaniambia polepole.

Siku hiyo hapakuwaka kitu. Nasema hivyo kwa sababu mkisimulia mnapenda kuongeza mwali. Akriliki ilikatika vizuri, moshi ukavutwa, kazi ikaisha. Ndiyo shida ya kazi hii. Ukiifanya inavyotakiwa hakuna kinachotokea, na unabaki na ule ukosefu wa adabu peke yake.

Nilimwambia Minza apokee stuli tena, nikatoka kumfuata mzee. Nilimkuta kwenye kona ya wauza machungwa, pale pale. Nikapiga goti, mimi na miaka yangu.

"Shikamoo mzee. Mimi ndiye mkubwa wa pale. Niruhusu nikusindikize."

"Marahaba," akasema. "Wewe unajua kusindikiza. Yule hukumfundisha?"

"Nilimfundisha asisindikize. Kosa ni langu. Kabla hujapanda gari, kuna mtu nataka umsalimie."

Yohana siku hizi ana kibanda chake mwenyewe, hatua chache kutoka kona ile. Alikuwa anashona. Alipomwona mzee akaweka sindano chini, akainuka, akatoa mkono wa kulia kwa adabu, ule mkono. Mzee Shija akaupokea kwa mikono miwili, na nikaona anauhisi. Vidole vilivyosimama tu, ngozi laini inayong'aa. Hakuuachia.

"Hii ilikuwaje, mwanangu?"

Miaka yote ile Yohana hajawahi kunilaumu kwa neno hata moja. Alinitazama, akamtazama mzee. "Ni huyu mama," akasema. "Alikuwa na adabu sana. Alikwenda kusindikiza mgeni."

Nililia hapo barabarani, nasema ukweli, na muuza machungwa akanisogezea kigoda. Mzee Shija alisimama ameushika ule mkono muda mrefu, jogoo anahangaika kwapani. Nilimfikisha stendi, akapanda gari, akaondoka na jogoo wake.

Siku kumi na moja zilipita. Minza alikuja kazini kila siku, akakaa kwenye stuli. Mumewe naye hakuwa na habari, au alikuwa nazo akaogopa kuzitoa. Mimi nilivunja kikombe, nikagombana na Deus kwa ajili ya bisibisi, nikaandika barua ya kumwombea Minza kwa mzee nikaichana. Siku ya kumi na moja, mchana, mashine imezimwa, simu ya Minza ikaita. Akasikiliza. Akapiga magoti pale pale sakafuni, kwenye vumbi la plaiwudi, simu sikioni, kana kwamba mzee yuko mbele yake. Alipokata nikamuuliza amesema nini.

"Amesema 'marahaba'," Minza akajibu. "Nikamwambia baba, sijakusalimia bado. Akasema, hiyo ni ya Jumanne ile."

Kesho yake jina la Minza lilipandishwa juu kwenye ubao wa ukutani, chini tu ya langu.

Sasa siku ya kuniaga. Mlipika pilau, mlinunua soda, Deus aliniigiza, mkanipa kitenge na lile bango lenye jina langu ambalo binti yangu amelitundika sebuleni, na limepinda. Nilirudisha ufunguo, nikasaini. Lakini kazi iliyoagizwa na shule moja ilikuwa inasubiriwa, na Minza alikuwa kwenye stuli tangu asubuhi, sahani yake ya pilau imefunikwa pembeni. Deus alikuwa ameshaanza kunywa soda na hotuba, hakuwa wa kumpokea mtu. Nikasogea nyuma ya Minza kumuaga.

"Minza, mimi naenda."

"Nenda salama mama," akasema. Hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nikasimama. Nilitaka ageuke. Nasema wazi kwa sababu nimeshaanza kusema: nilitaka avunje sheria yangu mara moja tu, kwa ajili yangu, anifikishe hata mlangoni. Nilikuwa nimemwombea kwa goti barabarani. Nikaona hakuna neno, nitampa nafasi. Nikasogea kando yake, nikatazama moto, nikanyoosha mkono karibu na kitufe.

"Nimepokea," nikasema.

Minza hakuinuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na macho yake hayakutoka kwenye ule mwanga tusiouona.

"Mama," akasema, "jina lako limeshafutwa ukutani."

Niligeuka nikatazama ubao. Kweli, lilikuwa limefutwa. Nililifuta mwenyewe asubuhi, kwa kitambaa chenye spiriti, kwa sababu sheria ni yangu na nilitaka iwe safi. Iliniuma kama nimepigwa. Nikashusha mkono.

Ninyi wengine mlinisindikiza, mpaka kwenye kona ya wauza machungwa. Mkasimama mkaanza kuongea upya, kama ilivyo desturi, na Yohana akatoka kibandani akajiunga. Mnakumbuka mliniuliza nilikuwa natazama nini nyuma yenu. Nilikuwa natazama paa la karakana. Moshi mwembamba wa kawaida ulikuwa unatoka kwenye bomba la feni, na juu yake hapakuwa na kitu.

Kwetu mtu asiposindikizwa na mwenyeji wake anahesabiwa bado yupo. Labda ndiyo maana sikai. Minza, mwanangu, najua utasoma haya. Njoo Buhongwa unisalimie, lakini njoo Jumapili, mashine imelala na plagi umeichomoa kwa mkono wako. Nitakuuliza habari ya plagi kabla sijaitikia shikamoo yako.